Mpango wa Kuipata Omena

Jumatatu, Agosti 11

Shule zimefungwa. Leo nimependa kitu kwa moyo wangu wote, na kitu hicho ni mashua.

Nieleze kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa. Klabu yetu ya tanga hapa Sori ina mashua tatu, na kila moja hubeba mtu mmoja tu. Unashika usukani mwenyewe, unavuta kamba ya tanga mwenyewe, na ukikosea hakuna wa kumsingizia. (Hilo la mwisho ndilo kasoro yake kubwa.) Sisi wanamaji pia tuko watatu: mimi Mokeira, Marion na Bravin. Madam Jedidah, ambaye hutufundisha jiografia shuleni na tanga ufukweni, alituruhusu tuzipe mashua majina. Tukazipa ya samaki.

Omena ni nyepesi na nyembamba. Mimi na Marion tunaibeba hadi majini huku tukipiga gumzo. Ngege ni ya plastiki, ya wastani kwa kila jambo, kama alama zangu za hisabati. Mbuta ni ya mbao, pana na nzito. Kuiingiza majini ni kama kumhamisha ng'ombe ambaye ameridhika mahali alipo.

Asubuhi nimeendesha Omena. Jamani! Ziwa limetulia kama chai iliyosahauliwa mezani, upepo mdogo tu wa kupuliza shingo. Unagusa usukani kwa vidole viwili, mashua inageuka. Unawaza kulia, inaenda kulia! Marion alinipigia kelele kutoka ufukweni, Nyar Kisii (yaani binti wa Kisii, ndivyo anavyoniita), rudisha mashua, zamu yangu. Nikajifanya upepo umenizuia kusikia. Upepo wenyewe haukutosha kuzima kibiriti.

Jumapili kuna mashindano Homa Bay. Madam amesema Ijumaa jioni kila mmoja wetu atasimama alinganishe mashua zote tatu: ipi inaongozeka vizuri, ipi ina uzito gani, na ipi ina raha. Kisha yeye ataamua nani apewe ipi.

Lazima nipate Omena. Lazima!

Kuna tatizo moja, nalo ni Baba. Sisi ni watu wa milimani, kwetu ni Nyamira. Baba alikuja Sori kuuza mahindi na maharagwe, na tangu afike hajatia hata unyayo ziwani. Husema maji ni ya kunywa na kuoga, na hata kuoga kuna mipaka. Alinikubalia klabu kwa sababu Madam alimwambia ni sehemu ya jiografia. Sasa mtu fulani amemfundisha neno "kupinduka". Wakati wa chakula cha jioni ametangaza kwamba Jumapili atakuja Homa Bay kujionea kwa macho yake. Akiniona nimeanguka majini, hata mara moja, klabu basi. Likizo ya Desemba nitaipitisha kwa masomo ya ziada kwa Mwalimu Orpah, anayefundisha aljebra madirisha yakiwa yamefungwa.

Kwa hiyo nahitaji mashua ya kasi ambayo haiangushi mtu. Omena! Leo haikuniangusha hata kidogo.

Jumanne, Agosti 12

Madam ametueleza habari ya uzito. Kumbe mashua nyepesi haisimamishwi na mbao zake, inasimamishwa na mwili wako. Upepo ukilala kwenye tanga, wewe unaning'inia nje upande wa pili, mgongo juu ya maji, mpaka mizani ikae sawa. Ukiwa mwepesi mno, upepo unakushinda.

Nikapiga hesabu. Bravin ana mwili wa watu wawili, Omena itazama mpaka mabegani. Marion ana mwili wa kawaida. Mimi ni mwembamba kama ufagio. Kwa hiyo mshindani wangu ni Marion, na dawa ni chakula.

Mpango wa Kwanza: ninenepe kufikia Ijumaa.

Asubuhi: uji, viazi vitamu, ndizi mbivu, uji tena. Mchana: ugali wa Mama, ugali wa Baba (hakuumaliza), maharagwe. Kisha nikapanda mizani ya dukani, ile ya kupimia magunia. Mteja mmoja aliyetoka Ogwedhi kununua mahindi akaniangalia pale juu, akamuuliza Baba huyu anauzwa kwa kilo au kwa kopo la gorogoro. Baba akamjibu kwamba huyu hauziki, amekula faida yote. Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejaa, kicheko hakikuwa na pa kupitia.

Mizani haikusogea. Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Nilikaa naye dukani hadi jioni, kama kawaida. Asubuhi ni yangu, mchana ni wa duka. Mabati yalipigapiga sana alasiri na vumbi likaingia kwenye unga. Mama alisema ni upepo wa ziwa, kila siku saa kama hizo. Nikafunika unga.

Jumatano, Agosti 13

Tumbo linauma. Mpango wa Kwanza umefutwa.

Leo ilikuwa zamu yangu ya Mbuta. Kwanza kuitoa ufukweni: mimi, Marion, Bravin na wavuvi wawili waliotuonea huruma. Marion aliimba ule wimbo wa kuvutia nyavu ili tusukume kwa pamoja. Mimi nilisukuma baada ya kila mtu, kwa hiyo nilisukuma peke yangu.

Majini, Mbuta ina tabia moja: haina haraka. Unageuza usukani, mashua inafikiria. Unangoja. Inafikiria tena. Kisha inageuka pole pole kama mama mzee aliyeitwa jina lake kanisani. Haiyumbi. Unaweza kusimama. Unaweza kula mahindi ya kuchemsha juu yake bila kudondosha punje, nimejaribu. Bravin alinipita na Ngege akaniuliza kama nimetia nanga. Aliporudi akaniuliza kama nimelipa kodi ya kiwanja.

Kwa raha naipa sifuri. Kwa kulala naipa kumi.

Nilipokuwa nasubiri Mbuta igeuke (nilikuwa na muda mwingi) Mpango wa Pili ukanijia, nikacheka peke yangu katikati ya ziwa. Watu hawataki kitu mpaka waone mwingine anakitaka. Nilipoing'ang'ania Omena juzi, Marion naye aliitaka zaidi. Je, nikiipenda Mbuta? Nikiisifu mpaka Marion aone wivu? Ataililia Mbuta. Bravin atashika Ngege yake. Omena itabaki imekaa peke yake, na mimi, kwa upole, nitakubali kuichukua.

Huu ni mpango wa watu wazima.

Alhamisi, Agosti 14

Nimeanza kazi. Nilimvuta Marion pembeni nikamwambia kwa siri kwamba Mbuta ndiyo mashua bora kuliko zote. Nilimwambia ina roho. Marion akaniuliza roho iko upande gani, maana yeye ameiona mbao tu na misumari. Nikamwambia uzito ni heshima. Akasema basi Bravin anaheshimika sana.

Bravin alisikia. Alisema anaheshimika na bado anakua.

Sikukata tamaa. Nilipapasa ubavu wa Mbuta mara kwa mara, Marion akitazama. Nilipata kibanzi kidoleni. Nikaendelea kupapasa kwa mkono mwingine.

Jioni nimeandika hotuba yangu ya kesho na kuisoma mbele ya kioo. Nimeweka tamathali za usemi tano. Mwishoni mwa aya ya tatu nilijishangaza, machozi yalinilengalenga. Ikiwa mimi mwenyewe ninayejua ni uongo nimeguswa, Marion atapona wapi?

Ijumaa, Agosti 15

Naandika mbio mbio. Jua liko karibu kuzama, na likizama Sabato inaingia na kalamu inawekwa chini. Mama amekwisha pika chakula cha kesho na viatu vyetu vimepigwa rangi.

Bravin alianza. Alisema Ngege inaongozeka, ina uzito wa kutosha, na raha ipo. Akakaa. Madam akamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema hapana, hata hayo yamezidi.

Marion akafuata. Alisema Omena ni nyepesi na ya kasi lakini ina wazimu. Asubuhi ni mtoto mchanga, alasiri ni punda aliyeumwa na nyuki. Ukisahau kuning'inia nje mara moja tu, inakumwaga kama maji ya kuoshea vyombo. Alisema hayo yote akinitazama mimi.

Yawa! Nilijua papo hapo. Anaiponda Omena ili mimi niiogope! Amewaza mpango kama wangu, ila wake ni wa kitoto. Nilimhurumia kidogo.

Kisha nikasimama. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani. Nilisema Mbuta ni mlima uliojifunza kuelea. Nilisema mashua nyepesi hupendwa na macho lakini mashua nzito hupendwa na moyo. Nilieleza utulivu wake, subira yake, jinsi inavyomngoja mtu akue. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikunja wavu akaacha kukunja. Nilipomaliza, Madam Jedidah akatoa leso.

Alisema amefundisha miaka mingi na hajaona mtoto akiipenda mashua nzito namna hii. Watoto wote hukimbilia kasi. Alisema kwa upendo kama huo hana haja ya kuwaza.

Akanipa Mbuta.

Bravin Ngege. Marion, kwa kuwa anaufahamu wazimu wake, Omena.

Nilifungua mdomo. Mvuvi alinipigia makofi. Nikafunga mdomo. Nilitaka kumfuata Madam nimweleze, lakini jua lilikuwa limegusa maji, nikalazimika kukimbia nyumbani, na huku nyuma namsikia Bravin akiniuliza kama mlima wangu utahitaji lori la peke yake.

Jua linaz

Jumamosi, Agosti 16 (baada ya jua kuzama)

Sabato njema imepita. Sikupanga hila yoyote. Nilipojiona naanza kupanga, nilihesabu vioo vya madirisha ya kanisa.

Haikunisaidia kwamba mhubiri alichagua habari za Yona. Alipofika mahali pa kutupwa majini, Baba alinigusa kwa kiwiko. Alipofika kwenye samaki akanigusa tena, kwa nguvu zaidi. Baadaye Mzee Gichana, ambaye huombea wasafiri, alimwombea binti yetu Mokeira anayekwenda kesho juu ya maji kama Petro. Nilisema amina. Kisha nikakumbuka Petro alizama.

Marion na Bravin hufanya mazoezi Jumamosi alasiri. Mimi siendi, na Madam anajua. Wao ni Wakatoliki, siku yao ni kesho, na wataamkia misa ya kwanza kabla ya safari.

Sasa jua limezama na akili imefunguliwa. Mpango wa Tatu: kubadilishana na Marion. Nimeomba simu ya Mama nikamtumia ujumbe mrefu. Nilimwambia nimewaza sana, kwamba urafiki ni kutoa, na niko tayari kumwachia Mbuta yangu mpendwa nami nibebe mzigo wa Omena. Nilitarajia abishe mpaka usiku.

Alijibu kabla sijarudisha simu mezani. Aliuliza swali moja: mgeni wa heshima kesho ni nani?

Nikamjibu kwamba kwa mujibu wa Madam ni mheshimiwa fulani, na mbio zinaanza saa tatu asubuhi kamili.

Akatuma vicheko mstari mzima. Kisha akaandika: Sawa Nyar Kisii. Chukua Omena. Ila uje na mandazi ya mama yako, yote.

Mandazi! Kwa Omena! Nimeruka mpaka Mama akauliza kuna nini. Ni ile hotuba. Ilichelewa kumwingia, lakini imemwingia.

Jumapili, Agosti 17

Siku kubwa. Nitaandika yote.

Lori la mahindi lilitufikisha Homa Bay mapema, sisi, mashua zetu na Baba. Baba alivaa suti ya Sabato na kushika mwavuli. Alisema kama kuna msiba, atakuwa amevaa vizuri.

Marion alimweleza Madam habari ya kubadilishana. Madam aliniuliza mbona naiacha Mbuta. Nilisema ni kujitolea. Akataka kutoa leso tena, lakini Marion alikuwa anakohoa sana kwa sababu ya mandazi, ikabidi wampige mgongoni.

Saa tatu. Ziwa kama kioo. Tulikuwa mashua kumi na kitu kutoka klabu mbalimbali za ziwani, tumejipanga na matanga yetu karibu na gati, Mlima Asego nyuma yetu. Omena ilitulia chini yangu kama mtoto anayenyonya. Nilimpungia Baba mkono. Akanipungia mwavuli.

Mgeni wa heshima hakuwepo.

Tukaambiwa yuko njiani, amefika Rongo. Baada ya muda tukaambiwa bado yuko Rongo. Tukavuta mashua ufukweni. Kwaya ikaimba. Kwaya nyingine ikaimba nyimbo zile zile. Tukaambiwa ameingia mjini. Tukala. Alipofika, alisema hatakuwa na maneno mengi. Marion alilala kabisa ndani ya Mbuta, mikono chini ya kichwa, kofia usoni. Alasiri ilipoingia, mahema yalianza kupigapiga na karatasi za hotuba ya mheshimiwa zikapaa. Akaendelea bila karatasi.

Nikatazama ziwa. Lile ziwa langu la asubuhi halikuwepo. Mahali pake palikuwa na jingine, jeusi, lenye mawimbi yenye meno meupe.

Bravin alikuja kuniuliza kama Marion aliniambia habari za jana. Habari gani? Akasema jana alasiri Omena ilimnywesha Marion maji mpaka akaomba likizo. Mara tano! Wewe si ulikuwa kanisani, akasema. Pole sana. Kisha akaniuliza kama anaweza kula ndizi yangu, kwani mimi huenda nisiihitaji.

Nilimwendea Marion. Nilimwambia kwamba nimekumbuka jinsi ninavyoipenda Mbuta. Aliinua kofia kwenye jicho moja. Alisema hapana, rafiki, urafiki ni kutoa. Kuhusu mgeni wa heshima, alisema hajawahi kumwona mheshimiwa akifika saa tatu tangu azaliwe, na nyanya yake pia hajamwona.

Filimbi ikapulizwa.

Nitasema ukweli: mwanzo ulikuwa wa ajabu. Upepo uliishika Omena, nikaning'inia nje kama Madam alivyotufundisha, mgongo ukigusa povu, na tukaruka! Hatukuelea, tuliruka! Niliwapita watoto wa Kisumu. Nilimpita Bravin, na sikumwuliza chochote, sikuwa na pumzi. Nilikuwa wa kwanza! Kwa wakati huo niliipa Omena kumi kwa kuongozeka, kumi kwa wepesi, na kwa raha hakuna namba.

Kisha likaja boya la kwanza. Ilibidi nigeuke. Niligeuza usukani kwa vidole viwili, kama Jumatatu.

Maji ya ziwa yana ladha ya majani.

Nilipotoa kichwa, tanga lilikuwa limelala juu ya maji kama shuka iliyoanikwa vibaya. Nilisikia sauti moja kutoka gatini, nayo ilikuwa ya Baba, ikimwita Mungu kwa Kikisii, Nyasae! mara nyingi. Nikaona madirisha ya Mwalimu Orpah yakifungwa moja baada ya jingine. Basi. Imekwisha. Desemba yangu imekwenda.

Mashua ya injini ya waokoaji ikaja. Waliniuliza kama nataka kutolewa. Wakinigusa, mbio zangu zimeisha. Nikawaza: nimeshaonekana majini, adhabu ni ile ile. Niliwaambia asanteni, mimi bado. Nikazunguka, nikapanda juu ya ule ubao unaotokeza chini ya mashua, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote mdogo. Hakuna kitu. Nikaegemea tena. Hapo ndipo ugali wa Jumanne ungefaa. Mara tanga likatoka majini likimwaga maji, mashua ikasimama, nami nikatumbukia ndani kichwa kwanza.

Watu wakapiga kelele. Nikaondoka. Nikaenda kwa kasi. Nikaanguka.

Nikaiinua. Mara ya tatu nilianguka mbele kabisa ya gati, na nilipoibuka nilikuwa nacheka, sijui kwa nini, nacheka mpaka nashindwa kupanda. Akina mama wanaouza samaki walikuwa wakinishangilia kwa Dholuo, mmoja akipiga sufuria. Mbuta ilipita karibu nami bila haraka. Marion alikuwa ameketi wima kama mwenyekiti wa kikao. Alinipungia kipande cha andazi.

Nimemaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alinasa kwenye magugu maji na bado walikuwa wanamfungua. Marion alikuwa wa tatu! Na Mbuta! Bravin wa sita, na alisema inatosha.

Nilivuta Omena ufukweni nikiwa nimeinamisha kichwa. Baba alikuwa ananijia. Nilitazama chini kwa aibu, na ndipo nilipoona. Suruali ya suti ilikuwa imelowa. Baba alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yamefika magotini, viatu vya Sabato viko huko chini, na hana habari.

Nilianza kusema samahani. Akanikatiza. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele.

"Kumbe inainuka!" alisema.

Nikamwuliza nini.

"Hiyo mashua. Kumbe inalala, halafu inainuka!"

Ndipo nilipofahamu. Siku zote hizi Baba alidhani mashua ikipinduka habari imeishia hapo. Mashua kwenye matope ya chini, mtoto kwa samaki, na yeye njiani kwenda Nyamira kuwaeleza wazee. Hakuna aliyemwambia kuna sehemu ya pili. Aliiona mara ya kwanza, akafumba macho. Mara ya pili akafumbua jicho moja. Mara ya tatu, kwa mujibu wa Bravin, alikuwa akiwaambia watu asiowajua: subirini, mtaona, huyo ni wangu.

Nilimkumbusha, kwa sababu mimi ni mjinga, kwamba alisema akiniona nimeanguka hata mara moja, klabu basi. Alifikiri. Akasema uamuzi ule ulifanywa bila ushahidi kamili, kwa hiyo kesi imefutwa.

Akatazama chini. Akaona viatu vyake. Tulimsaidia kutoka.

Ndani ya lori alimpigia simu kila mtu aliye hai Nyamira. Ameanguka, akainuka! Hapana, sikiliza vizuri: akaanguka, akainuka! Upande wa pili walidhani nimepata ajali. Ilibidi niongee nao mmoja mmoja niwathibitishie mimi si marehemu.

Jumatatu, Agosti 18

Mwili wote unauma. Raha tupu.

Baba alikuja ufukweni asubuhi hii, akiwa na ndara. Alisema anapita tu. Akaomba kukaa kidogo ndani ya Mbuta, ikiwa nchi kavu. Akashika usukani. Akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia. Mteja alipokuja kumtafuta, alimwambia asubiri, amefika mahali pagumu.

Lakini habari kubwa ni hii. Madam Jedidah ametangaza kwamba Desemba tutapokea mashua ya nne. Ni mpya, na ni nyepesi kuliko Omena! Mtu mmoja anaibeba begani! Madam alisema ni ya kasi kiasi kwamba bado hajaamua kama ni salama. Tutalinganisha tena zote, kuongozeka, uzito na raha, kila mtu aseme maoni yake, na yeye atagawa.

Ni lazima niipate. Lazima!

Nilikaa ufukweni nikachambua makosa yangu kwa uaminifu, kama tunavyofundishwa kufanya baada ya mtihani. Nimegundua mpango haukuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa mashua. Nilisifu mashua nzito, na nani atamwonea wivu mtu kwa ajili ya mashua nzito? Safari hii nitaisifu Omena. Na sitangoja siku ya mwisho, nitaanza mapema.

Nimeanza leo. Nilimshika Marion mkono nikamwambia kwa siri kwamba hata nikiletewa mashua ngapi, mimi siwezi kuiacha Omena. Tumeanguka pamoja, tumeinuka pamoja. Nilimwambia ina roho.

Marion alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Hakunidhihaki hata kidogo. Kisha akasema maneno hayo ni mazuri mno kubaki kwetu wawili, na ameondoka mwenyewe, mbio, kwenda kumwambia Madam jinsi ninavyoipenda Omena.

Sikutarajia ingekuwa rahisi hivi.